Kazi Yake Sindano

Mume wangu hajawahi kuwa daktari hata siku moja. Nnalisema mapema kwa sababu nusu ya Hamriya, mtaa wa duka lake, mpaka leo wanamwita Daktari Bakhit, na mie nshachoka kuwasahihisha. Kosa lote lilitoka kwenye neno moja la Kiswahili, na neno hilo hilo ndilo lililonipatia mume, kwa hiyo sijui nililaumu au nilishukuru.

Mie Mahbuba binti Ishaq. Nimezaliwa Unguja, nimeolewa Maskati, na sasa nakaa Ansab, pembeni ya Maskati, nyumba yenye sebule kubwa inayotazama milima. Dirishani pale ndipo anapokaa Bakhit siku hizi, blanketi magotini, akitazama nje na kuona mambo ambayo mie siyaoni. Anasahau. Jana kamsahau Manal, binti yetu, mtoto aliyembeba mabegani mpaka akang'oka meno ya utoto. Kesho atanisahau mie. Madaktari wa kweli wametwambia hakuna la kufanya ila upole.

Na mie nna swali moja nataka jawabu lake kabla hajalisahau. Alipotoka Uingereza kuja kunioa, alikuja kwa kunitaka, au alikuja kwa kuwa posa ilishakubaliwa akaona haya kuivunja? Usinicheke. Nna wajukuu wenye ndevu na bado swali hili linanikaa kooni. Harusi yetu iliahirishwa mara mbili. Mara mbili mama yangu alinunua mchele na samli, akaalika watu, na mara mbili zikaja habari kwamba bwana harusi kazi zimemzidi. Hakunieleza kwa nini, na mie kwa kiburi changu sikumuuliza.

Ngoja nianze na posa yenyewe. Tulikuwa hatuna muda tangu tufike Maskati kutoka Dubai, sie watu wa Unguja tuliorudi kwenye nchi ambayo wengine wetu hatukuwahi kuiona. Akaja Bi Zuwena, shangazi yake Bakhit, akakaa, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha, ndo akasema kijana wake yupo Uingereza, mtulivu, anasali, hana mambo mengi. Baba akauliza, "Na kazi yake nini huko?" Bi Zuwena akajibu kama alivyoambiwa na Bakhit mwenyewe: "Kazi yake sindano."

Basi! Zama zile hospitali za Maskati ni za kuhesabu kwa vidole, na mtu wa sindano alikuwa anagongewa mlango kama sultani wa mtaa. Baba akanyanyuka kwenye takia alilokuwa kaegemea. "Sindano! Ma sha Allah!" Bi Zuwena, ambaye naye hakujua sindano gani, akatikisa kichwa kwa fahari. "Sindano, Bwana Ishaq. Tena pahala penyewe pakubwa, wafanyakazi mamia." Baba yangu masikini ya Mungu akaona hospitali ya ghorofa. Jioni ile ile mama akanambia, "Mwanangu, unaolewa na daktari," akanibusu kichwani.

Kumbe mwenzangu alikuwa kwenye kiwanda cha sindano za kushonea. Za kutia uzi, za bibi na za fundi cherehani. Alipotoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, akiwa kijana hana mbele wala nyuma, alizunguka mpaka akafika mji mmoja wa Uingereza uitwao Redditch, sie nyumbani tunasema Redichi, kusini ya Birmingham. Mji huo kazi yake kubwa, tangu enzi na enzi, ilikuwa sindano. Ulikuwa ukiilisha dunia nzima sindano. Akapata kazi kwenye mashine ya kunoa ncha, akakaa huko ujana wake wote.

Mie nilijua ukweli kwenye fungate. Unajua fungate ilivyo, bwana na bibi harusi wamefungiwa ndani wanaletewa vyakula, na sie tulikuwa hatujazoeana hata kidogo. Nikaona mikono yangu haina kazi, nikachukua kofia niliyokuwa nikiishona, kofia hizi zetu za viua, zenye vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja lazima ukizungushie uzi kwa sindano nyembamba kama unywele. Bakhit akaniangalia. Akaniomba sindano. Akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akapitisha kucha kwenye tundu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

"Hii ya kwetu," akasema.

"Ya kwenu wapi?"

"Redichi. Sie ndo tunaozitengeneza."

Nikamtazama. "Mnazitengeneza? Wewe si daktari?"

"Mie sikusema daktari," akanijibu, uso umemwiva. "Mie nilisema sindano."

Wallahi nilimrushia kofia na uzi wake. Nikamwambia kamdanganya baba yangu, kamdanganya mama yangu, kaniharibia jina mjini. Yeye kakaa tu kwenye ukingo wa kitanda, kofia imemkaa begani. Halafu lile neno likanirudia, sindano, nikamuona Baba anavyonyanyuka kwenye takia, na kicheko kikanitoka ambacho sikukiweza. Nilicheka mpaka mama akaja kugonga mlango akidhani nnalia.

Sasa nani atamwambia Baba? Hatukupata hata nafasi ya kushauriana. Siku ya saba Baba akaingia, ana kichupa cha dawa alichoagizia kwa mtu na kijisanduku cha bomba la sindano. "Daktari," akamwambia mkwewe, "kiuno kinaniua. Nipige hii, nipige hapa hapa." Akageuka, akaanza kukusanya kanzu.

Bakhit akawa mweupe. Mie nikaruka. "Baba! Huyu mkweo! Mkwe amtazame mkwewe utupu?"

Baba akasimama na kanzu yake mkononi, akafikiri. "Astaghfirullah," akasema, akaiteremsha haraka. Tangu siku hiyo hakumuomba tena sindano, na kila barza aliyokaa alikuwa akimsifu: mkwe wangu ana adabu yule, daktari mzima lakini mie hanishiki. Amekufa na imani hiyo, Mungu amrehemu, na sie hatukuwa na moyo wa kumtoa humo.

Bakhit akafungua duka la kutengeneza vyerehani Hamriya, mlango mmoja, kati ya muuza vitambaa na muuza mikoba. Unadhani jina lilimtoka? Watu walikuwa wakija na watoto wana homa, wanasimama katikati ya vyerehani wanamuuliza Daktari yuko wapi. Angewafukuza wangejua. Yeye hakumfukuza mtu. Alikuwa akifunga duka, anawapakia kwenye gari yake, anawapeleka hospitali, anakaa nao mpaka waonwe. Mtoto akipona, nani kamponya? Daktari Bakhit. Mie nikimwambia, "Unajitakia mwenyewe," na yeye keshachukua funguo za gari.

Mchana wa joto, duka halina mtu, nilikuwa nnakwenda kukaa naye na kofia yangu. Hapo ndipo alipokuwa akinisimulia mji wake. Macho chini kwenye cherehani, sauti ya chini, kama mtu anayesema na mashine. Akisema zamani sana bonde lile lilikuwa la watawa, na palikuwa na mto mwembamba, na baada ya watawa watu wakauzuia mto ugeuze gurudumu. Maji yale yalikuwa hayasagi unga. Yalikuwa yakisugua sindano. Sindano maelfu kwa maelfu zinalazwa kwenye kitambaa kigumu, zinatiwa sabuni na unga wa jiwe, zinaviringishwa na kufungwa kamba, halafu zinabingirishwa chini ya ubao mzito, mchana na usiku, mpaka zitoke zinang'ara. Mto mzima, akisema Bakhit, ulikuwa ukishughulika ili bibi mmoja huko Unguja apitishe uzi bila ya kukwama. Nikimsikiliza, kofia inanilala mapajani, nasikia maji yanapita nyuma ya ukuta wa duka, na nyuma ya ukuta kuna muuza mikoba tu.

Na sindano hazizaliwi moja moja, akinambia. Huzaliwa pacha. Waya unakatwa urefu wa sindano mbili, unanolewa ncha huku na huku, halafu katikati panapigwa matundu mawili yanayotazamana. Zinakwenda hivyo kwa muda, kichwa kwa kichwa, ndo zinavunjwa, kila moja ikafuata njia yake. "Pengine pacha wa hiyo yako yuko Brazil," akinambia. Nikamwambia asinitie huzuni, nna kazi za watu.

Palikuwa na hadithi moja siipendi, ya wanoaji wa zamani, kabla ya mashine. Walikuwa wakiinamia mawe makavu yanayozunguka, vumbi la chuma na la jiwe likiwaingia vifuani, wanakufa vijana. Ikabuniwa feni ya kulivuta vumbi lile. Wakaikataa! Ujira wao ulikuwa mnono kwa ajili ya hatari, wakaona hatari ikiondoka na ujira nao utaondoka. Nikakasirika nikasema, wajinga gani hao. Bakhit akasita, bisibisi mkononi. "Hawakuwa wajinga, Mahbuba," akasema. "Walikuwa na watoto." Nikaendelea kushona.

Mambo hayo nilikuwa nnayapenda, na nilikuwa nnayachukia pia. Kwa nini? Kwa neno lile "kwetu". Unguja akiitaja anasema Unguja. Maskati anasema Maskati. Redichi peke yake ndiyo "kwetu". Walipoanza kutujengea raundabauti hapa, zile duara za njia panda, kila njia ina raundabauti, watu wanalalamika wanapotea, Bakhit akifurahi peke yake: "Kama kwetu! Kwetu nako zimejaa hizi." Tulikwenda Quriyat kumzuru mtu, akachukua ndoana ya mvuvi akaichungua mpaka nikaona aibu, kwa kuwa kwao walikuwa wakitengeneza na ndoana, na springi, na mpaka pikipiki. Wanawake wengine wana wake wenza wa nyama na damu, unaweza kumwendea mtu ukamtukana roho ikatulia. Mie mke mwenza wangu mji wa matofali, nitautukanaje?

Na ndo nikawa nnajiambia: mtu huyu aliacha moyo wake kule. Ahadi imemleta. Ni mtu wa ahadi, kila mtu anajua. Amekaa nami kwa adabu, kama alivyokaa na Baba kwa adabu.

Sasa haya ya sasa. Sebuleni kwetu tuna AC ya zamani, kubwa, kila ikiwaka inatetemeka na kunguruma mpaka vikombe vinalia kabatini. Namazzi, msichana wa Kiganda anayetusaidia kumtunza, alikuwa akiiwasha baada ya Alasiri, jua linapopiga upande ule. Mwaka huu tukaona kitu. AC ikishaanza tu, Bakhit anakaa sawa, anapapasa kifua kama anayetafuta vifungo vya koti, macho yanamtulia. "Zimeanza," anasema. Mashine zimeanza. Basi kaondoka, yuko Redichi, na hatumpati tena mpaka Magharibi.

Siku moja Namazzi akanijia jikoni. "Mama, samahani, huyu Dorini ni nani? Baba kila siku ananiita Dorini, ananiambia nisikae mahali pa baridi."

Nikaacha kijiko. "Anakuitaje?"

"Dorini. Anaongea vizuri sana, Mama. Anacheka."

Anacheka! Nyumbani kwangu hajacheka tangu mvua za mwaka juzi. Nikamwambia Namazzi, "Hata mie nataka sana kumjua Dorini," na chakula cha mchana ule kiliungua.

Manal yeye aliona vingine. Aliona baba yake anahangaika, anataka kusimama kwenda kazini, ataanguka avunje nyonga. Akamuuliza daktari, wakakubaliana ni kelele ya AC ndiyo inayomvuruga, akanunua mpya isiyokuwa na sauti. "Mafundi wanakuja kesho asubuhi, Mama," akanambia kwenye simu. Nikamwambia vyema, mwanangu, ahsante. Nikakata simu nikakaa. Kesho njia inafungwa. Kama nna la kumuuliza kijana yule aliyeko Redichi, ni leo.

Nikamwambia Namazzi apumzike. Nikaiwasha mwenyewe, nikavuta kiti nikakaa karibu naye, magoti kwa magoti. Ikatetemeka, ikanguruma. Nje milima ilikuwa na rangi ya vumbi na mwanga wa Alasiri umelala juu ya zulia. Bakhit akanyanyua kichwa.

"Zimeanza," akasema. Halafu akanigeukia, na macho yake, Mola wangu, yalikuwa ya kijana niliyemrushia kofia. "Dorini. Umekaa kwenye baridi tena."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikajizuia. Haya, nikasema moyoni, Dorini na awe Dorini.

"Baridi si nyingi leo," nikamjibu. Kwa Kiswahili changu cha Unguja, tena. Dorini gani wa Kiingereza anasema hivyo? Lakini yeye wala hakushangaa. Kule alikokuwa lugha zote zilikuwa moja.

"Na mgongo je? Na wajukuu?"

Lo! Kumbe Dorini bibi kizee mwenzangu! Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu jikoni. Nikamuomba radhi kimoyomoyo yule mama wa watu, popote alipo. "Mgongo haujambo," nikasema. "Wajukuu wanakua."

"Unainama sana kwenye zile karatasi nyeusi. Waambie wakubadilishe." Nikakumbuka alivyonisimulia, sindano hupakiwa kwenye karatasi nyeusi zisishike kutu. Kazi ya Dorini ilikuwa hiyo. "Twende njia ya mtoni," akaendelea. "Bado mapema."

Nikampa mkono. Hatukutoka kwenye viti vyetu, lakini nnakwambia mie nilitoka. Nilifumba macho na ile ngurumo ikanizunguka, na chini ya miguu yangu zulia likawa jiwe lenye unyevu. Matofali mekundu pande zote mbili, yamelowa. Harufu ya mafuta, ya chuma cha moto kinachotumbukizwa kwenye mafuta, harufu niliyoambiwa tu, sasa imenijaa puani. Wanawake wanapita wamefunga vitambaa vichwani kama sie, wanaharakisha, wanacheka kwa pumzi nyeupe. Nilitaka kuwasalimia. Mvua ilikuwa nyepesi, haishuki, imesimama tu hewani. Sijaona mji mzuri hivyo, na sikuwa na hasira nao tena.

"Pale walikuwa wakikunja ndoana," akinionyesha Bakhit. "Kule pikipiki, sasa pamefungwa. Na huku unaona wanabomoa, wanatujengea mji mpya, njia pana. Sikiliza mto."

Nikausikia. Ulikuwa mdogo, unapita kwenye majani chini ya jengo la zamani, na gurudumu limesimama.

"Na kiwanda chetu nacho kitafungwa?" nikamuuliza.

"Kitafungwa, Dorini. Si leo, lakini kitafungwa. Sindano siku hizi zinatoka kwengine. Hapa patabaki jina."

"Ndo maana unakwenda zako Maskati?"

Akasimama. Nasema akasimama, na kumbe alinibana mkono tu. "Siendi," akasema.

Nilifumbua macho. Alikuwa akitazama chini, kwenye vidole vyangu. "Huendi? Si umeposa?"

"Nshaahirisha mara mbili. Leo nikitoka kazini napeleka telegramu, navunja. Usinitazame hivyo, Dorini."

Jawabu ndilo hili, nikasema moyoni. Umelitaka, lichukue. Sauti yangu ikatoka ndogo. "Humtaki."

"Simtaki?" Akacheka, kicheko cha kujionea huruma. "Mie ndo niliyemchagua. Wao wanadhani shangazi. Nilipita Dubai, kwa jamaa zangu, na wazee wake wakikaa nyumba ya pili. Nikatumwa nikachukue sufuria. Nikagonga, akafungua msichana, kashika fagio, kaosha uwanja wote. Mie nikatia mguu na kiatu. Alinitukana, Dorini! Alinambia nina macho ya mapambo. Sikupata hata kumuomba radhi, nikarudi bila ya sufuria. Nikamwambia shangazi, yule yule, kaniposee yule."

Mie sikumbuki. Wallahi sikumbuki. Nimeosha uwanja ule mara ngapi na nimewatukana wangapi waliotia viatu! Dubai tulikaa miaka. Mtu kasimama mlangoni mwangu, kaniona, kanitaka, kaondoka, na mie nikaendelea kufagia maji.

"Sasa kwa nini unavunja?" nikamwambia. Nilikuwa nnalia, lakini Dorini labda naye alikuwa mtu wa kulia, maana hakuniuliza.

"Wamemwambia mie daktari." Alisema kwa kunong'ona, kama kuna watu wanaopita. "Neno langu mwenyewe limenifunga. Kaja mtu kutoka kwao, kanambia, mji mzima umefurahi, binti Ishaq anaolewa na daktari. Mtoto wa watu kaahidiwa daktari, apelekewe mnoa waya? Kila nikifunga sanduku nalifungua tena. Siwezi kumfanyia vile. Bora anichukie kwa kutokuja kuliko anidharau nikiwa naye."

Miaka yangu yote ile! Nimeibeba chuki ya mji mzima wa watu, nimeona wivu kwa matofali, na mtu wangu alikuwa amekaa na sanduku lake, analifunga, analifungua, kwa ajili yangu. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumpiga. Nikamkamata mikono yote miwili.

"Nisikilize, Bakhit. Utakwenda. Usipeleke telegramu yoyote. Atakasirika, nakuhakikishia, atakupigia kelele mpaka ujute. Kisha atacheka. Na tangu hapo atakutetea mbele ya baba yake na mbele ya ulimwengu."

"Wewe unamjuaje?"

"Namjua."

Akanichungua usoni, taratibu, kwa jicho lile la kukagua tundu na ncha. Nikadhani keshaniona. Nikadhani atasema jina langu. Lakini alikuwa akinitazama kama unavyomtazama mtu mzima anayekupa shauri, kujua kama anasema kweli.

"Nimewachelewesha mno," akasema. "Mara mbili, Dorini. Nani atasubiri mtu wa hivyo? Pengine keshaolewa."

"Hajaolewa."

"Atanisubiri?"

"Nakusubiri," nikasema. Nilitaka kusema anakusubiri, ulimi ukakataa.

Hakulisikia. Uso wake ulikuwa umefunguka, na haya zimemtoka, nikamuona alivyokuwa asubuhi ile huko kwao, kabla sijamjua. Akanishukuru kwa adabu, akaniambia nijikinge na baridi. Akalitupa blanketi chini, akaweka mikono kwenye kiti akasimama, anatetemeka miguu yote miwili, aje Maskati anioe, na mie nikamshika kiwiko asije akaanguka.